Changu wa kukaanga, wa kupaka au chukuchuku: sukari inapoganda kwenye protini

Ukinunua changu wa kilo moja soko la Deep Sea pale Tanga, akaparwa na kutumbuliwa papo hapo, umebakiza uamuzi mmoja: unampika vipi? Wengi huamua kwa ladha, au kwa gesi iliyobaki mtungini. Kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, au mzee ambaye figo zake zimechoka, kuna kigezo cha tatu. Ni kiasi cha protini zilizogandwa na sukari kinachotoka na chakula jikoni, na kazi ambayo protini hizo huiachia kinga ya mwili na mitambo ya seli inayosaga protini chakavu.

Tunalinganisha njia nne ambazo kila jikoni la mwambao linazijua: kuchemsha (chukuchuku, au mchuzi wa nazi), kupaka, kukaanga na kuchoma mkaani. Uamuzi wetu tunautoa mapema ili asiye na muda asisome yote: siku za kawaida chukuchuku au mchuzi ulioingizwa samaki mbichi, siku ya hamu kupaka, na kukaanga pawe na sababu.

Rangi ya kahawia inatoka wapi

Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza kinachotokea sukari ikipashwa moto pamoja na asidi za amino, yaani matofali ya protini. Kichwa cha sukari hushika mkono wa lisini, mojawapo ya matofali hayo. Mwanzoni mshiko ni mlegevu na unaweza kuachia. Ukikaa hujipanga upya na kuwa mgumu, kisha kwa joto au kwa muda hugeuka kuwa kundi la vitu vinavyoitwa kwa pamoja AGE. Wanajamii wake ni wengi. CML hukaa kwenye lisini, MG-H1 hukaa kwenye arijinini, na glukosepani hufunga protini mbili pamoja kama pingu.

Karaini kazi hiyo huchukua dakika. Kwenye damu yenye joto la 37°C huchukua wiki, lakini kemia ni ileile. Kipimo cha HbA1c anachopimwa mgonjwa wa kisukari ni hatua ya mwanzo ya jambo hilohilo: glukosi iliyoshika himoglobini ndani ya chembe nyekundu inayoishi siku 120 hivi.

Shika majina mawili, lisini na arijinini. Sukari hupenda kuganda hapo, na hapohapo ndipo mikasi ya mwili inapokata protini. Sehemu kubwa ya madhara inatoka kwenye mgongano huo.

Mtu atauliza: samaki ana sukari gani? Kidogo, lakini ipo. Samaki akishakufa, akiba yake ya nguvu iitwayo ATP huvunjika hatua kwa hatua, na mojawapo ya mabaki yake ni sukari ya ribosi, ambayo hutoa rangi ya kahawia haraka kuliko glukosi. Ndiyo maana samaki aliyelala huiva kahawia upesi kuliko aliyetoka majini alfajiri. Mafuta nayo yanachangia: yakiharibika kwa moto hutoa glioksali, nayo hutengeneza CML bila sukari hata punje. Vibua na samaki wengine wenye mafuta mengi huathirika zaidi hapo, na mafuta ya karai yaliyorudiwa mara nne au tano huongeza.

Njia nne jikoni

| Njia | Joto kwenye uso wa samaki | Muda, kipande cha sm 2 hadi 3 |
|---|---|---|
| Chukuchuku, mchuzi | 100°C, halipandi zaidi | dakika 8 hadi 10 |
| Kupaka | hupanda, hushuka kila unapopaka tui | dakika 15 hadi 20 |
| Kukaanga | mafuta 170 hadi 180°C | dakika 6 hadi 8. Wa kukausha 15 hadi 20 |
| Kuchoma mkaani | linaweza kupita 200°C | dakika 12 hadi 20 |

Maji ndiyo yanayoamua. Uso wa samaki ukiwa na maji hauwezi kupanda sana juu ya 100°C, kwa sababu joto lote la ziada linaliwa na mvuke. Ukikauka tu, joto linapaa na rangi inaanza. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2010 vilionyesha kuwa joto kavu huongeza AGE mara 10 hadi zaidi ya 100 kuliko chakula kikiwa kibichi. Kuna ubishi kuhusu jedwali zile, na ubishi una msingi. Zilitumia kingamwili kupima, zikayapa siagi na mafuta alama kubwa mno, ilhali vipimo vya mizani ya molekuli huyashusha na kupandisha ganda la mkate na biskuti. Kwa hiyo usibebe namba za vyakula tofauti ukazilinganisha kama bei za sokoni. Kwa samaki mmoja aliyepikwa kwa njia tofauti, mpangilio wa maji chini na joto kavu juu ndio wa kushika.

*Chukuchuku* ndiyo rahisi na ndiyo yenye AGE chache. Kwa kilo moja ya samaki tia maji ya kufunika nusu ya vipande, chumvi kijiko kimoja cha chai, ndimu mbili, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka. Yakichemka punguza moto, maji yatetemeke tu. Nyama iko tayari katikati ikifika 63°C. Usipokuwa na kipimajoto, iangalie ikiacha kung'aa na kuachana na mfupa. Wanaolalamika kwamba chukuchuku haina ladha mara nyingi wameichemsha kwa fujo dakika 25, nyama ikatoa maji yote na kubaki nyuzi.

*Mchuzi wa nazi* unaweza kuwa sawa na chukuchuku, au ukawa samaki wa kukaanga aliyevikwa kanzu. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Desturi ya nyumba nyingi za Tanga ni kumkaanga samaki kwanza asivunjike, kisha kumtia kwenye tui. Ladha nzuri, hatukatai, ila AGE zilizokwisha kutengenezwa karaini haziyeyuki kwa kuchemshwa. Ukitaka faida ya maji, mtie mbichi: chemsha tui jepesi na nyanya, kitunguu na manjano mpaka kitunguu kilainike, tia vipande bila kuvigeuza kwa mwiko (tikisa sufuria tu), na baada ya dakika 7 mimina kasimile, yaani tui zito. Moto uwe mdogo hapo, maana kasimile likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea peke yake. Vipande vya sm 3 havivunjiki. Vya sm 1 ndivyo vinavyovunjika, basi mwambie mkataji.

*Kupaka* ni njia ya kati, na kwa maoni yetu ndiyo yenye akili kuliko zote kwa anayetaka harufu ya mkaa. Kila unapompaka samaki tui lenye ukwaju unarudisha maji juu ya uso wake na kushusha joto. Mpake kila dakika 2 hadi 3, na wavu uwe sm 15 juu ya makaa yaliyokwisha kuvaa majivu meupe, si yanayowaka. Makosa ni mawili. La kwanza ni kusubiri tui likauke liwe ganda la kahawia ndipo upake tena. Hapo umeshapoteza faida. La pili ni kutia asali, sukari au tomato ya chupa kwenye tui. Umeleta sukari uliyokuwa ukiikimbia, tena mahali penye joto kali.

*Kukaanga* kuna ngazi. Kipande chembamba kilichotoka na rangi ya dhahabu baada ya dakika 6 si sawa na kile kilichokaushwa dakika 20 mpaka kikawa kigumu kama gogo. Kukipaka unga wa ngano au yai kabla ya kukikaanga huongeza ganda, na ganda ndilo ghala la AGE. Anayekula samaki wa kukaanga akavua ngozi na ganda amepunguza sehemu kubwa, ingawa kwa mtu wa pwani hiyo ni kama kunywa chai bila chai. Mafuta yakianza kutoa moshi yameshavuka kiwango. Yakitoa povu lisilotulia na kuwa mazito, yamwage.

*Kuchoma mkaani bila kupaka* hutoa joto kali kuliko zote, na mafuta ya samaki yakidondokea makaa, moshi unaorudi juu una matatizo yake mengine.

Ndimu: usiioshe

Nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye maji ya limau au siki kwa saa 1 kabla ya kupikwa ilitoa chini ya nusu ya AGE za nyama isiyolowekwa, kwenye vipimo vilevile vya 2010. Sababu yake kila mpishi wa mwambao ameshaiona bila kuijua. Shombo la samaki ni trimethilamini, kemikali yenye mkono wa nitrojeni. Asidi ya ndimu huuvika mkono huo hidrojeni, nayo haipai tena hewani, shombo likakata. Lisini ina mkono wa aina hiyohiyo. Ukivikwa hidrojeni hauwezi kushikwa na sukari.

Kwa kilo moja tumia ndimu 3 au 4, kama mililita 60 za maji yake, na umwache samaki dakika 20 hadi 30. Akizidi saa moja, nyama ya changu huanza kuwa nyeupe na kumomonyoka. Kosa la kila siku ni kumwosha samaki kwa ndimu, kisha kumsuuza kwa maji mengi kabla ya karai. Shombo limekwenda, na asidi imekwenda nayo. Mfute kwa kitambaa tu. Ukwaju hufanya kazi hiyohiyo.

Ndani ya seli: kengele na kinu

Kwenye utando wa seli nyingi za kinga na za mishipa ya damu kuna kipokezi kiitwacho RAGE, kilichotambuliwa mwaka 1992. Kimepewa jina la AGE, lakini wateja wake ni wengi: kinapokea pia HMGB1 na protini za jamii ya S100, ambazo humwagika seli inapojeruhiwa. Ni kengele ya ajali, na AGE huibonyeza pasipo ajali.

Haibonyezwi na kitu chochote kidogo. Kipande kimoja chenye CML moja ni dhaifu. Majaribio ya zamani yaliyoonyesha vinginevyo mengine yalichafuliwa na sumu za bakteria, ambazo zenyewe huwasha kinga. Protini yenye AGE nyingi, au madonge yaliyofungamana, ndiyo yanayovuta vipokezi kadhaa vikakaa pamoja. Hapo mkia wa RAGE ulio ndani ya seli, ukiwa umeshikana na protini iitwayo DIAPH1, huamsha vimeng'enya vinavyotoa oksijeni kali, na amri hufika kwa NF-κB.

NF-κB ni swichi ya jeni. Wakati wa utulivu hukaa nje ya kiini cha seli, imeshikwa na mlinzi aitwaye IκB. Amri ikija, mlinzi hubandikwa alama ya protini ndogo, ubikuitini, na kupelekwa kwenye proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini. Swichi ikiachiwa huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za TNF na IL-6, wajumbe wa mchochota: ule uvimbe na joto la mwili unaopigana. Kwa kawaida NF-κB huwasha pia jeni ya mlinzi wake, akatengenezwa upya na kelele ikatulia. Tatizo ni kwamba jeni ya RAGE nayo imo kwenye orodha ya zinazowashwa. Kengele inapolia, inajiongezea vipaza sauti. AGE zikiwapo kila siku, mchochota huwa wa chini chini usiokoma, usio na homa wala maumivu ya kumpeleka mtu hospitali, lakini unaokwangua mishipa ya damu, figo na macho.

Sasa kinu chenyewe. Proteasomu ni pipa la pete 4 zilizopangana, kila pete na vipande 7. Ndani mna mikasi ya aina tatu, na aina moja hukata baada ya lisini na arijinini. Mlangoni kuna kofia inayosoma alama ya ubikuitini, inayoikunjua protini kwa nguvu ya ATP na kuiingiza kama uzi kwenye tundu la sindano. Alama ya ubikuitini hubandikwa wapi? Kwenye lisini. Sukari ikikaa hapo imekuwa hasara mara mbili: alama haina pa kushika, na mkasi hauna pa kukata. Ikiwa ni AGE ya pingu, iliyofunga protini mbili, hasara ya tatu ni kwamba uzi haukunjuki.

Kiasi kina maana kubwa hapa. Protini iliyoharibiwa kidogo husagwa vizuri, pengine upesi kuliko nzima, maana imelegea na pipa huweza kuimeza hata bila kofia. Iliyoharibiwa sana hukwama mlangoni na kuwazuia wengine. Mabaki hupelekwa kwenye lisosomu, jalala la seli, na yasiyosagika hata huko hubaki kama uchafu wa kahawia uitwao lipofusini. IκB, ambayo haina pingu, huendelea kupita. Ndiyo maana kinu kuelemewa hakunyamazishi kengele.

Kinu hiki ni cha kinga pia. Seli zikipata ujumbe wa intaferoni-gama hubadilisha mikasi mitatu na kupata proteasomu ya kinga, ambayo hukata protini kuwa vipande vya asidi za amino 8 hadi 10 vya kuonyeshwa chembe T, askari wanaotafuta seli zenye virusi. Kinachopita kwenye kinu ndicho askari wanachokagua.

Protini ambazo mwili haubadilishi upesi ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Za lenzi ya jicho hukaa nawe tangu kuzaliwa, na mtoto wa jicho ni mojawapo ya matokeo. Kolajeni ya ngozi na mishipa hukaa miaka mingi, ikajaa pingu na kukakamaa.

Karai au sahani ya wali

Ulinganisho huu hautakuwa wa haki tusiposema kwamba samaki si chanzo kikuu kwa kila mtu. Katika AGE unazokula, karibu sehemu 1 katika 10 ndiyo inayoingia kwenye damu. Nyingine hukataliwa na mkasi wa aina hiyohiyo: tripsini ya utumbo nayo hukata baada ya lisini na arijinini, ikikuta sukari inaruka, na kipande kinaishia kwa bakteria wa utumbo mpana. Katika kile kilichoingia, mwenye figo nzima hukojoa kama theluthi moja. Mwenye kisukari kilichoharibu figo hukojoa kidogo sana, na kingine kinabaki.

Upande wa pili, seli hujitengenezea methiliglioksali kila inapovunja glukosi. Kitu hicho hushika protini kwa kasi inayozidi ya glukosi mara maelfu, hasa kwenye arijinini. Kimeng'enya cha glioksalasi, kikisaidiwa na glutathioni, hukiondoa karibu chote, ila glukosi ikifurika ndani ya seli kinachobaki huongezeka.

Kwa hiyo mwenye HbA1c ya 9% anayekula chukuchuku na mlima wa wali, akasindikiza na chai ya vijiko vinne, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Aanze na dawa zake, kiasi cha wanga na sukari ya chai. Njia ya kupika ni ya pili. Mwenye figo zilizopungua nguvu, kwake njia ya kupika inapanda daraja, na kumwondolea samaki mkavu na nyama choma ni jambo la kulizungumza na daktari wake pamoja na kiasi cha protini chenyewe. Asiye na ugonjwa, mwenye kula samaki wa kukaanga mara moja au mbili kwa wiki, hana la kuhofia sana.

Msomaji mwenye selimundu aongeze jambo moja: chembe zake nyekundu huishi siku chache, hivyo HbA1c husoma chini kuliko hali halisi. Aombe fruktosamini, inayopima sukari iliyoganda kwenye protini za majimaji ya damu kwa wiki 2 hadi 3 zilizopita.

Kama huna friji

Sababu ya kweli ya kukaanga kwa kukausha ni kwamba samaki hudumu mpaka kesho. Chukuchuku hailali. Ukiipika mchana, ichemshe tena jioni kwa dakika 5 kamili na uimalize. Vibua, nguru na jodari wana hatari ya ziada: wakikaa kwenye joto kabla ya kupikwa hutengeneza histamini, na moto wa aina yoyote hauiondoi. Mtu huwashwa mdomo, huona uso umekuwa mwekundu na kichwa kinagonga ndani ya saa moja, akadhani ana mzio wa samaki.

Ukilazimika kukaanga ili samaki alale, mloweke ndimu dakika 20, mfute, usimtie unga, tumia mafuta mapya, na mtoe akiwa dhahabu. Kesho yake mmalizie kwenye tui jepesi badala ya kumrudisha karaini. Mzee aliyepoteza hamu ya kula, ambaye hagusi samaki mpaka awe wa kukaanga, mkaangie. Kipande kilicholiwa kinamjenga kuliko chukuchuku iliyorudi jikoni nzima.